Rasta wa Fujo: Nani Hutazama Video za Punk Eastlands?

Kazi ilikuja kwa imeili. Mtayarishaji mmoja wa filamu, wa ng'ambo, alitaka mtu wa mtaa amfanyie utafiti mdogo: nani hutazama video za muziki wa punk katika mitaa ya Eastlands? Kurasa kumi, wiki nne, nusu ya pesa mwanzoni, nusu ya pili kazi ikiisha. Chini ya imeili kulikuwa na fomu. Umri. Jinsia. Mtaa. Mapato ya nyumba kwa mwezi. Simu au tivii. Mara ngapi kwa wiki. Namba ya simu. Na mwisho kabisa kisanduku kikubwa kilichoandikwa "jumla".

Nusu ya kwanza ilitosha kodi ya miezi miwili, kwa hivyo nilikubali kabla ya kulifikiria swali lenyewe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea historia, karo ikashinda familia, nikarudi Kayole na begi la vitabu ambavyo hakuna mtu alikuwa anataka kununua. Mathe bado huwaambia watu kanisani kwamba "amepumzika kidogo". Nimepumzika miaka mitano sasa. Naandika chochote kinacholipa: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, wakati mwingine insha kama hii. Kwa hivyo mtu akiniita "mtafiti", hata kwa imeili, nanyoosha shati kidogo.

Wiki ya kwanza nilizunguka na fomu kama karani wa sensa. Kinyozi wa Umoja aliniuliza kama punk ni wale watu wa nywele kama jogoo. Dada mmoja wa Buruburu alijua Green Day. Alianza kuwasikia kwenye X FM, ile stesheni ya roki ya 105.5 ambayo baadaye iliondoka hewani, na akaniambia alikuwa akisikiliza kwa earphone kwa sababu jirani alishaanza kuuliza kama ameingia mambo ya shetani. Jamaa wa smokie pale Jericho alisema anajua, ni ile ya Avril Lavigne, ilikuwa ikichezwa kwa tivii akiwa mtoto. Siku ya saba nilikuwa na majina manne kwenye fomu, na mawili kati yao nilishuku walikuwa wananihurumia tu.

Ningeweza kuishia hapo. Ripoti ingekuwa ya mstari mmoja: Eastlands hakuna hadhira ya punk. Lakini kurasa zilikuwa kumi, na pia kuna kitu kwenye hilo jibu kilinikera.

*

Tuelewane kwanza punk ni nini, maana mtaani jina hilo halina mwenyewe.

Ni roki iliyovuliwa nguo za Jumapili. Ilishika moto katikati ya miaka ya 1970 New York na London. The Ramones walitoa albamu yao ya kwanza 1976, Sex Pistols wakatoa yao 1977. Nyimbo fupi, gitaa chafu, mdundo wa haraka, na wazo moja kubwa kwamba huhitaji ruhusa ya mtu wala cheti cha muziki ndio upande jukwaani. Ukiwa na gitaa la kuazima na hasira ya kwako mwenyewe, inatosha.

Picha ambayo watu wengi wanayo ni ya mzungu mwenye pini puani. Hiyo ni nusu ya hadithi. Detroit kulikuwa na ndugu watatu weusi waliojiita Death, waliokuwa wakipiga muziki wa aina hiyo kabla haujapata jina. Washington D.C. ikawatoa Bad Brains, marasta wanne waliopiga kwa kasi hadi wengine wakabaki kuwaiga. Johannesburg, kuanzia 1979, weusi na weupe walianzisha bendi ya National Wake wakati sheria za ubaguzi zilikuwa zinawakataza hata kuishi mtaa mmoja. Mwaka 2003 James Spooner alitoa filamu kuhusu weusi katika punk ya Marekani, akaiita Afro-Punk, na jina hilo likasambaa dunia nzima.

Nairobi tunao Crystal Axis. Ni bendi ya vijana wa hapa hapa, wanajiita Afro-punk, na nyimbo zao si za kubembeleza. Moja inaitwa Leopold, kuhusu yule mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo shamba lake. Nyingine inaitwa Nyayo House. Hiyo nitairudia.

Sasa, shoo nyingi za roki ambazo nimeona matangazo yake Nairobi huwa upande ule mwingine wa mji, Westlands na majirani zake. Kutoka Kayole unahitaji nauli ya matatu mbili, kiingilio, na namna ya kurudi saa nane usiku. Kwa hivyo msee wa Eastlands akikutana na punk, atakutana nayo kwa skrini. Ndiyo maana swali la yule mtayarishaji, hata kama fomu yake ilikuwa mbovu, lilikuwa la maana. Skrini ndiyo mlango.

*

Nilihamia maktaba ya Kaloleni. Ni tawi la maktaba ya McMillan, ndogo, na hakuna mtu anakuuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Huko, kati ya vitabu vya karatasi na vile nilivyokuwa nimeweka kwenye laptopu, nikagundua kwamba mimi si wa kwanza kutumwa na mtu wa mbali kuja kuuliza Waafrika wa sehemu hizi wanatazama nini na wanaelewa vipi. Kazi hii ina karibu miaka tisini.

Mwaka 1935, katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, kulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, wamisheni wakiwa nyuma yake. Waliousimamia walikuwa Notcutt na Latham. Walitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na tabia njema, zikawa na maneno ya Kiswahili na lugha nyingine yaliyorekodiwa kwenye santuri. Kisha wakapakia mashine kwenye lori, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi kusini, wakionyesha filamu usiku na kuandika watu walizipokea vipi. Mwaka 1937 wakatoa kitabu.

Kwa maneno mengine, utafiti wa hadhira. Fomu yangu ilikuwa na babu.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Colonial Film Unit. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa ameanza kwa kuonyesha filamu za afya Nigeria, na alikuwa na msimamo kuhusu macho yetu. Alishikilia kwamba Mwafrika asiye na mazoea ya sinema achukuliwe polepole. Picha ikae muda mrefu, hadithi iende moja kwa moja, bila kuruka kutoka mahali hadi mahali, bila ujanja wa kamera. Ukikata picha haraka, utampoteza.

Nilisoma hilo nikacheka kwa sauti, na mlinzi wa maktaba akanitazama. Nilitoka Kayole asubuhi hiyo kwa nganya yenye skrini tano, mix ya DJ ikibadilisha video kila sekunde chache, taa za zambarau, besi ikipiga kwenye mbavu, na mbele yangu mama mwenye sukumawiki kwenye kikapu alikuwa akitazama bila shida yoyote huku anahesabu chenji ambayo konda alitaka kusahau.

*

Nje ya maktaba, upande wa ukumbi, kuna wazee ambao hukaa kwenye benchi kila alasiri. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, wafungwa wa vita Waitaliano wakiwa kati ya waliofanya kazi ya ujenzi, na ukumbi wake ulikuwa mahali pa siasa hadi watu wakauita bunge. Nilimwamkia mzee mmoja, nikamweleza natafuta habari za sinema za zamani. Alinitengea nafasi.

"Wewe ni wa chuo gani?" akauliza.

"Niliacha, mzee."

"Basi utasikiliza vizuri," akasema. Sijui alimaanisha nini lakini nilifurahi.

Alizaliwa katikati ya miaka ya 1940. Alikumbuka sinema za bure kwenye ukumbi, na gari la sinema lililofunga kitambaa cheupe nje watoto wakakaa chini mbele. Filamu za serikali, alisema, hakuna aliyezitaka. Mtu ananawa mikono, mtu anachimba mtaro. Waliketi wakangoja za kauboi. Vijana wakubwa walitembea kama makauboi wiki nzima baada ya hapo, kofia imeinamishwa, na kila mtaa ulikuwa na wake aliyejipa jina la Kimarekani.

Nilimuuliza walielewaje Kiingereza.

"Kwani nani alielewa? Kulikuwa na mtu wa maiki."

Kumbe. Kando ya kitambaa alisimama Mwafrika mwenye kipaza sauti, kazi yake ikiwa kueleza kwa Kiswahili kinachoendelea. Serikali ilimweka pale ili ujumbe ufike kama ulivyo. Lakini mtu wa maiki alikuwa na watu mbele yake, na watu walitaka kucheka. Basi akawa anaongeza chumvi. Bwana shamba kwenye filamu akawa na sauti ya karani fulani anayejulikana. Mke wa mkulima akawa anamsema mumewe maneno ambayo hakuna mzungu aliyeyaandika. "Sinema ilikuwa ile ya mtu wa maiki," mzee alisema. "Ile ya kitambaa ilikuwa ya kumsaidia tu."

Kisha akanyamaza kidogo, akasema jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Mtoto wa wakati huo akisikia gari lenye spika linaingia mtaa, hakukimbilia mara moja. Alingoja ajue kama ni sinema au ni askari. Tarehe 24 Aprili 1954, asubuhi na mapema, Operesheni Anvil ilizunguka mitaa ya Waafrika. Spika zikaita watu watoke nje na vitambulisho vyao. Maelfu kwa maelfu wakapakiwa kupelekwa kambi za kizuizini. Wengine walipitishwa mbele ya gakunia, yule mtu aliyefunikwa gunia kichwani, macho tu yakionekana, ambaye akitikisa kichwa maisha yako yamebadilika.

"Kwa hivyo hiyo karatasi yako," mzee akasema, akinyoosha kidole kwenye fomu iliyochomoza kwenye begi, "majina unampelekea nani?"

Nikamwambia ni mtu wa filamu.

"Hata wao walikuwa watu wa filamu."

*

Jioni hiyo nilibadilisha mbinu. Niliacha kuuliza nani hutazama punk. Niliamua kuiweka mbele ya watu nione kitakachotokea, kama wale wa Vugiri, tofauti ikiwa mimi naishi hapo hapo.

Karibu na kwangu kuna kibanda cha PlayStation. Mabati, mabenchi, skrini nne, gemu moja mbao. Saa mbili usiku jamaa mwenye kibanda huzima tatu ili tokeni za stima zisiishe, anabakisha ile kubwa, na inageuka sinema. Mara nyingi ni filamu za Kihindi au za Kichina zilizotafsiriwa na DJ Afro. Kama hukulia Kenya, DJ Afro ni jamaa anayezungumza juu ya filamu nzima, Kiswahili cha mtaa, anaipa kila mtu jina, anakuambia stelingi anafikiria nini, anacheka kabla yako. Nimemsikia maisha yangu yote. Ni siku ile tu, nikiwa natoka Kaloleni, nilipoelewa kwamba yeye ndiye mtu wa maiki. Gari la serikali lilienda zake, ile kazi ikabaki kwetu.

Nilimwomba mwenye kibanda dakika ishirini kabla ya filamu. Aliniuliza kama ni kanisa. Nikamwambia ni muziki. Nikachomeka flashi.

Video ilikuwa ya Bad Brains, CBGB, New York, 1982. Klabu ndogo, jasho, watu wanapanda jukwaani na kujirusha juu ya wenzao. Waimbaji wana dredi. Dakika ya kwanza kibanda kilinyamaza kabisa.

"Hao ni marasta," mtu akasema.

"Rasta gani ana haraka hivyo?"

"Msee, hiyo ni ngoma ama ni vita?"

Kicheko. Wengine wawili wakatoka kwenda kuvuta sigara. Kisha, katikati ya shoo, bendi ikabadilisha gia, ikaingia reggae, taratibu, besi nzito. Ungeona mabega yakishuka. Mtu wa nyuma akasema, sasa tumefika nyumbani. Waliotoka wakarudi. Wakati reggae iliisha na ile kasi ikarudi, kibanda kizima kilipiga kelele, lakini safari hii kelele ya mtu anayejua anaingia wapi. Kijana mmoja akasimama mbele ya skrini, akaanza kutafsiri kwa sauti ya DJ Afro. Kila aliyejirusha kutoka jukwaani akapewa jina la mtu wa mtaa na sababu ya kujirusha: huyu amekimbia mwenye nyumba, huyu ameona ex, huyu ni konda anashuka gari ikienda. Nilicheka hadi nikashindwa kuandika.

Nilihesabu watu ishirini na sita ndani. Nje, macho kwenye matundu ya mabati, sikuyahesabu.

Hapo ndipo kisanduku cha "jumla" kilipoanza kuonekana kichekesho. Video niliipakua mara moja, nikaiweka kwenye flashi kwa sababu bando ni pesa. Kwa YouTube, usiku ule haukuwepo. Na hata kama ningeicheza moja kwa moja, ungekuwa mtazamo mmoja, wa mtu mmoja, wa kiume, mwenye simu. Hesabu za intaneti zimejengwa juu ya mtu aliye peke yake na kifaa chake. Eastlands haijawahi kutazama hivyo. Ilikuwa kitambaa kimoja na mtaa mzima, baadaye tivii ya jirani mwenye tivii, baadaye kibanda cha video, matatu, kinyozi, simu moja vichwa vitano. Hata KTN ilipoanza 1990 na kutuletea video za muziki kwa wingi kuliko kituo cha serikali, walioziona walikuwa wengi kuliko waliokuwa na tivii.

Pia hakuna aliyeuliza kama ni punk. Waliuliza kama ni marasta, kama ni vita, kama inabamba. Watu huingia kwenye muziki mgeni kwa mlango wanaoujua. Fomu yangu ilikuwa inagonga mlango ambao nyumba haina.

*

Wanaotuhesabu hawakuisha na mkoloni. Kenya ilianza kudhibiti maonyesho ya sinema kwa sheria tangu 1912, na baadhi ya filamu zilizoruhusiwa kwa wazungu zilikatazwa kwa Waafrika. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ambayo bodi ya filamu huitumia leo ilianza miaka ile ile ya kupata uhuru. Bendera ilibadilika, swali likabaki: hawa wakiona hii, watafanya nini?

Kizazi changu kililikuta swali hilo 2019. Mwaka uliotangulia Ethic, vijana wa Umoja, walikuwa wametoa Lamba Lolo, video iliyopigwa mtaani bila pesa za kampuni, na gengetone ikalipuka. Wengi tunaitaja kama muziki wa party, lakini ukiangalia namna ilivyozaliwa, kamera ya kuazima, studio ya chumbani, hakuna ruhusa ya mtu, ilikuwa na roho ile ile ya punk kuliko bendi nyingi zenye gitaa. Bodi ikasema Wamlambez isichezwe nje ya vilabu na baa. Tulicheka, ikachezwa kila mahali.

Lakini sitaki kudanganya kwamba kila lawama ilikuwa ya wazee waoga. Mwaka huo huo Ethic walitoa Tarimbo, na waliosema kwa sauti kwamba wimbo ule unafanya ubakaji kuwa mchezo walikuwa wasichana wa rika letu. Video iliondolewa na kundi likaomba radhi. Hapo hadhira yenyewe ilisema. Ni tofauti na mtu wa juu kukuamulia, na tofauti hiyo ndiyo fomu yangu haikuwa na mahali pa kuiandika.

*

Wiki ya tatu nilirudi kibandani na Crystal Axis. Nilitaka kuona mtaa utafanya nini na punk ya Nairobi yenyewe.

Nilipotaja jina la wimbo, Nyayo House, kijana mmoja akauliza kama ni tangazo la pasipoti. Si kosa lake. Kwa umri wetu Nyayo House ni lile ghorofa la rangi ya kaki pale Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, unapanga foleni ya uhamiaji, unarudishwa kwa sababu ya fotokopi. Wimbo ukaanza, gitaa likapasua spika ya kibanda, na kelele za kawaida zikaanza pia.

Mzee wa kuchaji simu, ambaye huja kila jioni na hatazami chochote, akasema, "Punguza."

Tukadhani kelele zimemsumbua. Lakini alitaka kuzungumza. Akaeleza kwamba chini ya lile jengo kulikuwa na seli. Kwamba miaka ya 1980, hasa wakati wa kusaka Mwakenya kuanzia 1986, watu walichukuliwa usiku, wahadhiri, wanafunzi, wanasiasa, watu wa kawaida, wakafungwa kule chini kwenye giza, wakapigwa, wengine seli zikajazwa maji wakasimama humo siku kadhaa. Mwalimu aliyekuwa jirani yake alichukuliwa kwa sababu ya karatasi aliyokutwa nayo. Aliporudi, miguu haikuingia viatu. Seli zilifunguliwa watu wazione mwaka 2003, baada ya Moi kuondoka. "Ninyi mlikuwa bado mnanyonya," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa mtu wa maiki usiku huo, bila utani. Wimbo wenyewe ni wa maneno ya Kiingereza kwenye gitaa la vurugu, na nusu ya kibanda haikushika mstari hata mmoja. Baada ya mzee, wote walijua unahusu nini.

Kwenye kona alikuwa kijana ambaye hucheza gemu na kuondoka, haongei sana. Juni 2024, wakati wa maandamano ya mswada wa fedha, alipakiwa kwenye gari karibu na stage na akakaa siku mbili bila familia kujua yuko wapi. Mtaa unajua, ila hajawahi kusimulia na hakuna amemuuliza. Akasema neno moja.

"Rudia."

Mwenye kibanda akarudia. Tukasikiliza tena hadi mwisho, sauti juu.

*

Nilikaa na fomu usiku huo. Umri, nilijua. Mtaa, nilijua. Namba ya simu, ningeipata kesho. Ningeweza kuijaza karatasi nzima kwa kibanda kimoja: majina ishirini na kitu ya vijana wa Kayole, kando yake wimbo walioomba urudiwe, kuhusu mateso ya serikali, na namba ambazo kila mmoja anapatikana. Kisha niitume kwa imeili kwa mtu ambaye sijawahi kumwona, aiweke kwenye kompyuta ambayo sijui nani mwingine anaifungua. Mwaka ambao watu walikuwa wakichukuliwa kwa sababu ya kitu walichoposti haukuwa mbali.

Nilimkumbuka mzee wa Kaloleni. Karatasi yako, majina unampelekea nani?

Nikaandika ripoti bila majina wala namba. Kurasa kumi na mbili. Niliandika kuhusu mtu wa maiki, kibanda, matatu, reggae kama mlango. Nilishauri kwamba wakitaka kuonyesha punk Eastlands, wasilete utafiti tena. Walete spika nzuri, walipe mwenye kibanda usiku mzima, na wamwache mtu wa mtaa atafsiri anavyotaka. Kwenye kisanduku cha jumla niliandika: ishirini na sita ndani, nje hawahesabiki.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, la heshima. Ripoti ilikuwa "ya kuvutia sana" lakini bila taarifa za washiriki haiwezi kuthibitishwa, kwa hivyo malipo ya pili yasingewezekana. Kama ningeweza kutuma angalau namba za simu, wangelifikiria tena.

Sikutuma. Mwezi wa tatu nilimwomba mwenye nyumba subira, na mathe akanitumia kidogo bila kuniuliza, jambo ambalo liliniuma kuliko kuulizwa.

Juzi nilipita kibandani kununua kredo. Mwenye kibanda akaniambia ile flashi niliisahau kwake, lakini hanipi bado, kwa sababu Jumamosi wasee huiomba kabla ya DJ Afro. Akanionyesha kwenye skrini. Ameyapa mafaili majina yake mwenyewe ili asiyapoteze kati ya mechi na muvi. La Bad Brains ameliita "rasta wa fujo". Lile lingine ameliita "ile ya mzee".